Fedha za Duka si Fedha za Nyumbani

Watu wengi waanzishao duka dogo hudhani kwamba adui yao ni yule mwenye duka wa ng'ambo ya barabara. Humchungulia bei zake, hulalamika kuwa amewanyang'anya wanunuzi, na wengine hata huacha kusalimiana naye. Lakini mtu akiyachunguza maduka yaliyofungwa, ataona kwamba mengi hayakuuawa na jirani. Yaliliwa na wenyewe, kidogo kidogo, pakiti moja leo na nyingine kesho kutwa, pasipo mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wengi wa Kenya walirudi makwao na akiba zao, nao wengi wakafungua maduka katika masoko ya vijijini. Baadhi yao walistawi, lakini wengi walifunga milango baada ya muda mfupi. Maduka yalikuwa mengi mahali pamoja, na yote yaliuza vitu vile vile: chumvi, sukari, majani ya chai na mafuta ya taa. Ndugu na marafiki walikopa wasilipe, na hesabu hazikuandikwa. Ndiyo maana katika miaka iliyofuata wenye maduka nao walifundishwa kazi yao katika Jeanes School ya Kabete, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1925. Siku hizi sanduku la mbao la kutilia fedha limepata mwenzake, yaani simu. Lakini ugonjwa wenyewe haujabadilika hata kidogo.

Na tuutazame ugonjwa huo kwa hesabu. Tuseme mwenye duka amenunua pakiti 12 za unga wa mahindi, za kilo 2 kila moja, kama zifungwavyo pamoja kiwandani. Amelipa shilingi 1,560, yaani shilingi 130 kwa pakiti, naye huuza kila moja kwa shilingi 140. Akiziuza zote atapata shilingi 1,680, na faida yake ni shilingi 120. Sasa jioni mkewe anatuma mtoto kuchukua pakiti moja ya ugali wa nyumbani. Zimebaki 11, nazo zikiuzwa zote zitaleta shilingi 1,540. Kumbe hata fedha za kununulia hazikurudi! Zimepungua shilingi 20. Pakiti ile moja imekula faida ya zote, kisha ikauma na rasilmali yenyewe. Ili kuirudisha shilingi 130 yabidi kuuza pakiti 13 nyingine, na kwa kazi hiyo yote asipate hata senti moja.

Je, mwenye duka na watoto wake wasile? Hapana, na wale washibe. Ila yafaa ajilipe mshahara kama amlipavyo mtu mwingine yeyote afanyaye kazi dukani. Kila Jumamosi ahesabu faida ya juma zima, atoe kiasi alichokwisha kukata mapema, akiandike katika daftari, na akitie mfukoni mwake. Kama faida ni shilingi 3,000, hawezi kujilipa 3,500 ati kwa sababu juma hilo kulikuwa na harusi. Kwa maoni yetu, duka changa likiachiwa nusu ya faida yake, litakua; likiachiwa robo, litajikongoja. Baada ya hapo unga wa nyumbani na ununuliwe kwa fedha za mfukoni, na kwa bei ile ile wanayolipa watu wengine. Mke naye aambiwe mpango huo tangu mwanzo, kwani mara nyingi ndiye atakayeulinda kuliko mumewe.

Lililo gumu zaidi ni jamaa. Mjomba wako akija kukopa sukari, huwezi kumwambia kwamba hakuna sukari, maana anaiona rafuni. Wala si heshima kumfukuza mzee aliyekulea. Mshahara wako ndio utakaokusaidia hapa. Mwambie, "Mjomba, vitu hivi si vyangu bado, vingine sijamlipa tajiri aliyeniuzia kwa jumla. Lakini mimi mwenyewe nitakununulia nusu kilo." Kisha toa fedha mfukoni mwako na uzitie katika sanduku la duka mbele ya macho yake. Mzee ataondoka na sukari yake na shukrani, na duka halikupoteza kitu. Tena atakuwa ameona kwamba zawadi ile imetoka katika jasho lako. Huenda asirudi kesho yake. Michango ya matanga, harusi na karo za watoto wa ndugu nayo itoke mfuko huo huo.

Hatusemi kwamba kukopesha ni dhambi. Mchuma chai na mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, na duka lisilowangojea litawapoteza. Wengine hubandika ukutani karatasi isemayo kwamba mkopo ni kesho. Watu hucheka, kisha hukopa vilevile. Afadhali kuweka mpaka. Jumla ya madeni yote isizidi faida ya mwezi mmoja, ili hata wadeni wote wakihama usiku mmoja, rasilmali isiguswe. Kila mdeni awe na ukurasa wake, na atie sahihi yake kila achukuapo kitu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wakifanya mzaha.

Kuhusu simu, neno moja latosha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za mnunuzi na fedha alizotuma mtoto wa mjini zaweza kuingia mahali pamoja, zikachanganyika kama maji na maziwa. Mwenye duka awe na namba ya biashara peke yake, au walau laini ya pili, na ada zinazokatwa aziandike kuwa gharama za duka.

Sasa tuje kwa msaidizi wa duka. Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka mengi kutoka pwani mpaka Uganda, wala hakuweza kukaa katika yote. Ilimpasa kutegemea mawakili wake. Mwenye duka moja pia hawezi kukaa humo siku zote. Ataugua, atakwenda kununua bidhaa, atakwenda mazikoni. Na yule kijana amwachaye dukani amejifunza nini? Amejifunza aliyoyaona. Ikiwa kila siku humwona bwana wake akifungua soda na kuinywa bila kuandika, basi hawezi kuona ubaya wa kufanya hivyo naye, na hasira ya bwana wake itamshangaza. Lakini ikiwa bwana mwenyewe hulipa soda yake, na kila jioni huhesabu fedha pamoja na kijana huyo, wote wawili wakatia sahihi, hapo amri haihitajiki sana. Pia mshahara wa kijana ulipwe siku iliyokubaliwa, hata kama mwezi ulikuwa mbaya. Anayecheleweshewa mshahara hujilipa.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Duka langu limekwisha kuchanganyika, nianzie wapi?" Aanzie siku moja ya Jumapili, mlango ukiwa umefungwa. Ahesabu kila kitu kilicho rafuni kwa bei aliyonunulia, si bei ya kuuzia. Aongeze fedha zilizo sandukuni na katika simu, pamoja na madeni ya watu anaoamini kweli kwamba watalipa. Kisha aondoe yote anayodaiwa. Kinachobaki ndicho duka lake, kiwe kikubwa au kidogo, nacho akiandike juu ya ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe. Kwa duka dogo kazi hiyo huchukua mchana mmoja tu, nayo yataka kalamu, daftari jipya, na mtu wa pili wa kuhesabu naye.