UA LA DIRISHANI, KWAO NI MWAMBANI

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nilifunzwa maana yake na kiua kidogo tu.

Mwaka jana nilimnunulia mama ua la urujuani lililokuwa mkebeni, kwa wauza miche wa hapa Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki. Kwa ujuaji wangu nikaliweka juani kutwa, karibu na kamba ya nguo. Siku chache tu, majani yakababuka. Mama akacheka: "Mwanangu, ulidhani hii ni sukuma wiki?"

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia. Kumbe ua nililodhani ni la Ulaya ni letu! Mmea huu uliitwa Saintpaulia mwaka 1893 na Mjerumani Hermann Wendland, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni aliyeupeleka kwao kutoka Usambara. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus.

Ni mmea wa kudumu, yaani hauishi msimu mmoja tu. Porini huota kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, kivulini, kwa mfano kando ya mto Sigi karibu na Tanga. Hapa Kenya umo katika miamba ya Cha Simba, Kilifi, na msitu wa Mbololo, Taita. Udongo wa mwambani ni haba, na mizizi yake ni mifupi. Kwa hivyo miti ya kivuli ikikatwa, mmea hukauka hata kama hakuna aliyeugusa.

Labda utasema, "Si madukani yako tele?" Naam, lakini mengi ya mikebeni hutokana na jani lililochomekwa udongoni, na mche huo hufanana na mzazi wake kabisa. Aina za asili zimo porini. Zikiisha huko, basi.

Mimi nilibahatika. Jani moja lililosalia nililichomeka penye kivuli, na baada ya majuma kadhaa likatoa vichipukizi. Mama sasa ana ua lake. Lakini mwamba wa Cha Simba hauna mkebe wa akiba.

ZOEZI
1. Kwa nini kukata miti huua mmea usioguswa?
2. Taja mmea mmoja wa kwenu unaoanza kuadimika.