SOMO LA KOMPYUTA: MANENO NA VAZI LAKE



Kurasa za mwanzo za intaneti hazikuwa na njia moja ya kupangiwa rangi na herufi. Kila programu ya kusomea ilizionyesha ijuavyo. Mwaka 1993 Dave Raggett, huko Bristol, Uingereza, alianza kutengeneza programu ya majaribio iitwayo Arena, yaani uwanja. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, akiwa CERN, Geneva, alipendekeza maagizo ya mapambo yatengwe na maneno. Wazo hilo likajaribiwa ndani ya Arena, na Desemba 1996 likawa kanuni rasmi: CSS.

Tuchukue mfano wa sare. Madrasa ikibadili rangi ya kanzu, tangazo moja latosha. Wanafunzi wote hubadili vazi, lakini walichohifadhi kifuani kiko palepale.

Tena Lie alimpa msomaji naye haki ya kusema. Babu wa Mbamba Bay mwenye macho dhaifu aweza kukuza herufi, na neno lisiguswe. Basi tuandikapo, tutangulize maana. Pambo lifuate, na tumkumbuke asiyeona vizuri.

Zoezi: Kwa nini maagizo ya mapambo yalitengwa na maneno?