SOMO LA GARI: OILI INAPOVUJA KATIKA EKSELI YA NYUMA



Wengi wetu twategemea Land Rover kutoa karafuu shambani, na njia zetu ni za milima na matope. Ekseli ya nyuma inayovuja haipotezi oili tu. Oili ikiingia katika breki, na gari lina magunia likiteremka mlima, hatari si ya mali tena, ni ya roho za watu.

Kwanza, tujue inapovujia. Oili ya difu ni nzito, na ina harufu kali kama ya kiberiti. Ikiwa kinachotoka ni chepesi, na mafuta ya breki yamepungua katika chombo chake, kosa ni la breki wala si la ekseli. Gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Ikiwa ni oili nzito, safisha ekseli nzima, endesha kidogo, kisha chungulia. Ukiona oili mbele ya difu, pale propela inapoingia, sili ya hapo imekwisha. Ukiiona upande wa ndani wa gurudumu, imekwisha sili ya habu.

Pili, kabla ya kununua sili, tazama tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Ekseli ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea hapo. Tundu likizibwa na matope, hewa huisukuma oili ipite kwenye sili, hata ikiwa mpya. Basi lisafishe mpaka lipitishe hewa. Tena, oili isizidi usawa wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare. Ikizidi, nayo hutafuta pa kutokea.

Tatu, kubadili sili ya habu. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, mbele na nyuma yake. Handbreki ya Land Rover za zamani, hata Defender za mwisho za mwaka 2016, hushika propela, haishiki magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliachia lizunguke, na gari laweza kuondoka. Likisha kuinuliwa, liegemeze juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Ondoa dramu, vuta shafti, fungua nati, kisha toa habu. Angalia pete ambayo sili huizunguka: ikiwa imechimbika mfereji, ibadilishwe nayo, kwani sili mpya haitaishika. Mdomo wa sili uelekee kwenye oili. Upake oili kidogo, na uigonge sili polepole kwa kipande cha mbao, pande zote sawasawa. Kukaza nati ya beringi kuna kipimo chake katika kitabu cha gari. Asiyekuwa nacho amwachie fundi.

Nne, brekishuu zilizolowa oili hazifai kuoshwa na kurudishwa, maana zikipata moto huitoa oili tena. Tia mpya kwa magurudumu yote mawili ya nyuma. Ukibadili upande mmoja, gari litavuta upande mmoja. Ukimaliza, jaza oili, na ujaribu breki mahali tambarare, polepole, kabla ya kupakia gunia hata moja.

Msimu haujaanza bado. Kila mwenye gari na apige magoti leo, achungulie chini ya gari lake.