Tulipiga Inter moja: unukuzi wa fainali ya 2010 kutoka Musienene

Makala hii inatokana na zoezi dogo. Katika somo la isimujamii tuliagizwa kurekodi masimulizi ya dakika 20 kutoka kwa msemaji mmoja, kuyanukuu na kuyachambua. Wenzangu walileta hadithi za sungura, posa na misiba. Mimi nilileta mpira: baba yangu mdogo, fundi wa pikipiki hapa Musienene, akisimulia jinsi TP Mazembe ya Lubumbashi ilivyofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Nilipata alama nzuri. Miezi michache baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimekosea karibu katika kila ukurasa, na kosa lenyewe linaweza kuwafaa wenzangu wanaojiandaa kwenda kurekodi wazazi wao.

Kwa wasiofuatilia mpira, kisa ni hiki. Tangu 1960 bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini walikuwa wakikutana kugombea Kombe la Mabara. Real Madrid na Peñarol ya Uruguay ndio waliofungua. Mabara yalikuwa mawili tu. Mwaka 1967 na 1968 Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, lakini ubingwa ule haukuipeleka popote: 1967 Racing Club ya Argentina ilicheza na Celtic ya Scotland, mwaka uliofuata Estudiantes ikacheza na Manchester United. Siku hizo Mazembe ilikuwa ikiitwa Tout Puissant Englebert, na Englebert ni chapa ya matairi. (Tout Puissant kwa Kiswahili ni Mwenyezi, neno ambalo katika lugha yetu amepewa Mungu peke yake. Kwa Kifaransa mtu anaweza kuliandika kwenye jezi bila padri kushtuka, ingawa timu yenyewe ilianzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939.)

Kombe la Mabara lilikwisha 2004. FIFA ilikuwa imejaribu la kwake huko Brazil mwaka 2000, lenye mabingwa wa mabara yote, na kuanzia 2005 likachezwa kila mwaka. Lakini mlango ulifunguliwa sebuleni tu. Fainali ya 2000 ilikuwa ya Wabrazil kwa Wabrazil, Corinthians na Vasco da Gama, na kuanzia 2005 hadi 2009 ilikuwa Ulaya na Amerika Kusini kila mwaka, kama zamani. Ndipo ikaja Desemba 2010, Abu Dhabi. Tarehe 10 Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico kwa bao moja la Bedi Mbenza. Jumanne tarehe 14 ilikutana na Internacional ya Porto Alegre, timu iliyokuwa imeifunga Barcelona katika fainali ya 2006. Kabangu alifunga dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, na kipa Robert Kidiaba akaketi nyasini, miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini iliingia fainali. Jumamosi tarehe 18 Inter ya Milano ilishinda 3–0: Pandev dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, Biabiany dakika ya 85.

Nilikuwa na miaka 9. Niliiona fainali ile nikiwa nimekaa chini, mbele kabisa, katika ukumbi wa video wenye bati zinazovuja, na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Picha nazikumbuka kidogo. Ninachokumbuka vizuri ni sauti. Mtangazaji wa televisheni alikuwa akisema Kifaransa, na ukumbini walikuwemo wazee wasiokijua. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, akiwatafsiria kwa sauti ya juu, dakika kwa dakika. Kwa hiyo simulizi niliyoirekodi miaka mingi baadaye haikuwa kumbukumbu ya mtazamaji tu. Ilikuwa ya mtu aliyelazimika, jioni ile, kutafuta Kiswahili cha kila kitu mpira ulichokifanya, bila kamusi na bila muda.

Hapo ndipo utajiri wa data ulipokuwa, na hapo ndipo nilipouharibu.

Nilipofika Butembo na rekodi yangu, nilifanya kile nilichodhani ni kunukuu. Baba mdogo anasema mupira, mutu, batu, balikuya, kama tunavyosema sote huku. Mimi niliandika mpira, mtu, watu, walikuja. Nilijiambia kwamba hayo ni matamshi tu, na matamshi hayakuwa mada yangu. Baada ya ukurasa wa sita nilichoka kuandika mara mbili, kwanza kama nilivyosikia na kisha kama "inavyotakiwa", nikawa nasafisha moja kwa moja. Simu ilipojaa nikafuta rekodi. Kwa hiyo leo ushahidi wangu wa kweli ni kurasa sita za daftari zilizoandikwa kwa penseli. Mifano yote inayofuata inatoka humo.

Nianze na rahisi. Kuhusu Kidiaba, daftari linasema: "Anaikala chini, anaenda na matako, pa! pa! pa!" Katika kazi niliyowasilisha niliandika: "Aliketi chini na kuruka kwa makalio." Neno matako lina ukali pwani ambao kwetu halina; nilimwonea haya baba yangu mbele ya msomaji wa Dar es Salaam ambaye hata hayupo. Tanakali zile tatu pia nilizitupa. Ni kosa la aibu, lakini lingeweza kusameheka.

Kosa zito liko kwenye vitenzi. Kiswahili cha magazeti ya mpira kinasema timu "imefungwa" mabao matatu kwa bila. Kauli ya kutendwa inamtoa mtendaji jukwaani na kumweka aliyetendwa mwanzoni mwa sentensi. Baba mdogo, katika kurasa zote sita, hatumii kufungwa hata mara moja. Anatumia kutia. Kabangu anatia, Kaluyituka anatia, na kwenye fainali: "Eto'o, mutoto ya Afrika, njo alitutia ya pili." Mtendaji yupo, ana jina, tena ana bara. Sisi tuko ndani ya kitenzi, kiambishi -tu- tu, tumebanwa kati ya njeo na mzizi. Nilipoandika "tulifungwa bao la pili na Eto'o", nilimhamisha Eto'o mwisho wa sentensi, mahali pa mtu wa ziada. Uchungu wote wa Mwafrika kututia bao siku ambayo Afrika ilicheza fainali kwa mara ya kwanza ukabaki kuwa taarifa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hasemi kufungwa, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini watu hawali mawe. "Kufungwa ni kwenda ku gereza," alisema.

Halafu njeo. Mabao ya Jumanne anayasimulia kwa -na-: "Kabangu anapata mupira, anageuka, anatia." Mabao ya Jumamosi anayasimulia kwa -li-: "Pandev alitia, Eto'o alitia." Katika daftari mgawanyo huu hauvunjiki. Jumanne bado inaendelea, Jumamosi imekwisha. Lugha yake ya kwanza, Kinande, hutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe jambo la leo, la karibuni na la zamani, na naona ni kawaida kwa aliyelelewa katika lugha hiyo kutaka kupanga umbali wa mambo hata katika Kiswahili, chenye -li- moja kwa yote. Mimi nilisoma shuleni kwamba njeo zipatane. Nikapatanisha. Kila -na- ikawa -li-, na siku mbili zikawa siku moja.

Upande wa msamiati nilifanya ukarimu usioombwa. Alikuwa amesema gadie, nikaandika kipa. Arbitre likawa mwamuzi, finale likawa fainali, alisema but nikaandika bao. Maneno ya Dar na Nairobi ni mazuri, nayatumia hata katika makala hii. Nalipenda hasa bao, ambalo lilitoka kwenye mchezo wa kete kabla ya kuingia kwenye nyavu. Lakini hayo siyo yaliyotumika ukumbini. Cha ajabu ni jinsi anavyoyapitisha maneno ya Kifaransa katika sarufi ya kwetu: gadie kwa umoja, bagadie kwa wingi, na yule wa Inter, Júlio César, aliyekaa muda mrefu bila kazi, ni kagadie, kwa ka- ya kudunisha. Kinande kina ka- hiyo hiyo. Nilipoandika "kipa wao" sikutafsiri dharau ile, niliifuta.

Niliacha la sisi kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililonifanya nirudi kwenye daftari. Baba mdogo hajafika Lubumbashi maishani mwake. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Kabla ya 2010 alikuwa mtu wa Vita Club ya Kinshasa. Lakini katika simulizi yote Mazembe ni sisi, na neno Kongo halimo. Sentensi yake inayopendwa nyumbani ni hii: "Tulipiga Inter moja, Inter ingine ikatupiga." Anacheza na majina, maana Internacional ya Porto Alegre na Internazionale ya Milano ni neno lile lile katika lugha mbili, alilisikia mwenyewe bila kufundishwa isimu linganishi. Nilipomuuliza sisi hao ni akina nani, nilitegemea aseme Wakongo, au Waafrika. Alijibu: "Bale benye banaongea kama siye." Alikuwa amemsikia Kidiaba akihojiwa redioni, na hakuwa akisema Lingala ya wanamuziki na ya askari. Alikuwa akisema Kiswahili chenye batu na mupira ndani yake. Kwa baba mdogo, waliofika fainali ya dunia walifika na ba- yao.

Na ba- hiyo ndiyo niliyoifuta kwa sababu matamshi hayakuwa mada yangu.

Hayo yote sikuyaona peke yangu. Likizo iliyopita nilimpelekea kazi yangu iliyochapwa, nikiwa na fahari, nikamsomea karakanani huku akifungua kabureta. Alisikiliza kurasa tatu kwa heshima. Kisha akauliza: "Huyu mwenye anaongea hapa ni nani?" Nikasema ni wewe, baba. Akacheka kidogo, akarudi kwenye kabureta, akasema labda ni katekista.

Niliomba turekodi tena. Alikubali, akanawa mikono, akavaa koti. Nilipowasha simu alianza: "Mnamo mwaka wa elfu mbili na kumi, timu ya Tout Puissant Mazembe ilisafiri kwenda Abu Dhabi." Dakika nne, sentensi zilizonyooka, hakuna hata pa! moja. Kidiaba hakuketi popote. William Labov ameeleza shida hii: tunataka kujua watu wanavyoongea wasipochunguzwa, na njia yetu ya kujua ni kuwachunguza. Lakini hapa kulikuwa na jambo la ziada ambalo lilinihusu mimi. Mara ya kwanza simu haikumtisha hata kidogo. Kilichomfunga mdomo mara ya pili ni maandishi yangu. Alikuwa amesikia jinsi mtoto wa kaka yake anavyotaka asikike, akanipa hicho.

Nilijaribu mara ya tatu kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni mwa ukumbi ule. Yeye anakumbuka tu kwamba jenereta iliishiwa esansi kabla ya mwisho, watu wakachanga faranga gizani. Wazee waliotafsiriwa wengi wameshazikwa. Wengine wa ukumbini wametawanyika, na tangu 2024 barabara ya kusini inaleta waliokimbia vita kuliko inavyopeleka wageni.

Mwezi uliopita mwendesha pikipiki mmoja alileta mnyororo uliokatika, akaanza kubisha kwamba bao la pili la Jumanne lilikuwa la Kabangu. Baba mdogo alisimama na spana mkononi. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nikaiacha humo. Nilichukua risiti ya vipuri, nikaandika nyuma yake kadiri mkono ulivyoweza, na jioni nikamwonyesha. Alisoma polepole, akasema hii naweza kuiweka kwenye gazeti la shule:

"Kaluyituka anatoka kushoto. Anaingia ndani, anabaangalia bale ba Brazil. Anatia! Kadakika ka mwisho-mwisho, ka 85. Kidiaba anaikala chini, anaenda na matako, pa! pa! pa! Na siye huku ku Musienene"

Mstari uliofuata sikuusikia. Lori la mboga lilikuwa likipita kwenda Butembo.