Kuandika Namba Kubwa kwa Kipeo cha Kumi

Dunia yetu ina tungamo la takriban kilo 5,970,000,000,000,000,000,000,000. Mchapaji akidondosha sifuri moja, Dunia imepungua mara kumi, na ni wasomaji wachache watakaogundua. Wanasayansi hujikinga kwa kuandika 5.97 × 10²⁴.

Ili kuandika hivyo, sogeza nukta ya desimali hadi ibakishe tarakimu moja tu upande wa kushoto, kisha hesabu nafasi ilizoruka. Idadi hiyo ndiyo kipeo, ile namba ndogo inayokaa juu ya 10. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Nukta ikitoka mwisho wa namba hadi baada ya 6, imeruka nafasi saba, hivyo tunapata 6.1741120 × 10⁷. Katika umbo hili, liitwalo umbo sanifu, namba ya mbele ianzie 1 na isifike 10. Ukiandika 61.7 × 10⁶ thamani haibadiliki, ila hilo si umbo sanifu.

Wengi hudhani umbo hili linaokoa karatasi tu. Mtu akikuambia Tanzania ilikuwa na watu 62,000,000, huwezi kujua kama zile sifuri sita zimehesabiwa au zimejaziwa. Akiandika 6.2 × 10⁷, anatangaza kwamba ana uhakika wa tarakimu mbili. Akiandika 6.20 × 10⁷ anadai tatu, na hapo sensa inamkanusha, kwa kuwa tarakimu tatu zinatoa 6.17. Sifuri ya mwisho ina kazi. Usiiongeze wala kuifuta ovyo.

Katika kulinganisha, anza na kipeo. Bajeti ya Tanzania ya 2024/25 ilikuwa takriban shilingi 4.935 × 10¹³. Mradi wa shilingi 9 × 10⁹ una 9 mbele, lakini ni mdogo kwa maelfu ya mara.

Kuzidisha na kugawanya ndiko kunakopendeza, maana vipeo hujumlishwa au hutolewa tu. Jua liko umbali wa kilomita 1.5 × 10⁸ hivi, na mwanga husafiri karibu kilomita 3 × 10⁵ kwa sekunde. Gawanya 1.5 kwa 3, upate 0.5, toa 5 kwenye 8, upate 3. Jibu ni 0.5 × 10³, ambalo kwa umbo sanifu ni 5 × 10². Mwanga unaokuangukia sasa uliondoka kwenye Jua sekunde 500 zilizopita, yaani dakika nane na ushei. Kujumlisha hakuna njia hiyo ya mkato: 3 × 10⁶ na 2 × 10⁵ lazima kwanza zipewe kipeo kimoja, ndipo upate 3.2 × 10⁶.

Vikokotoo vingi na simu huonyesha 4.935E13, ambapo herufi E husimama badala ya “× 10 kwa kipeo cha”. Kwa hiyo ukitaka kuingiza 9 × 10⁹, bonyeza 9, kitufe cha EXP, kisha 9. Usibonyeze × 10 kabla ya EXP, kwani jibu litakuwa kubwa mara kumi kuliko inavyotakiwa.