Feni Yenye Vumbi na Mgonjwa wa Pumu
Ukilala chini ya feni, Mombasa au Kisumu, kisha ukaamka ukipiga chafya au kifua kimebana, tazama juu. Vumbi la nyumbani hubeba kinyesi cha utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, nacho huamsha pumu.

Zima feni na ungoje mapanga yasimame kabisa. Panda ngazi imara, si stuli juu ya kitanda. Mfupa uliovunjika ni taabu kuliko chafya. Vika kila panga foronya kuukuu, uivute taratibu vumbi libaki ndani, kisha upanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Ufagio hulirusha hewani tu. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Akae nje saa kadhaa.

Utitiri wenyewe huishi zaidi godoroni. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60. Anayeendelea kukohoa usiku amwone daktari, hata feni ikiwa inang'aa.