Kwa Nini Ningu Hushindwa Kupanda Mto

Mvua ya masika inapoanza, ningu na fwani huondoka Ziwa Victoria na kupanda mito kama Nzoia, Yala, Nyando na Sondu Miriu kwenda kutaga mayai. Ningu alianza kuadimika katika miaka ya 1950, na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilikuwa na lawama kubwa. Lakini hata samaki anayeponyoka wavu bado ana vizuizi vya kupita huko juu.

Kinachomzuia si urefu wa ukuta pekee. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayomsukuma nyuma huongezeka takriban mara nne. Mwendo wa kawaida huuhimili kwa muda mrefu, ila mbio za kupenya maji makali humchosha kwa sekunde chache, kisha hutafuta kidimbwi tulivu apumzike. Ndiyo maana ngazi za samaki hujengwa kwa vidimbwi vinavyopandana. Hata kalvati ya barabara ya kijijini yaweza kuwa kizuizi: maji yaliyobanwa ndani yake hukimbia kuliko mto wenyewe, na wakati wa kiangazi mdomo wake huning'inia hewani.

Joto la maji nalo lina kauli yake, kwa kuwa mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Kwenye maji baridi misuli huwa mizito. Yakipata joto la kiasi, samaki huogelea kwa nguvu zaidi. Yakizidi, mambo hugeuka. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30 hubeba kama 7.5 tu, huku mwili ukidai zaidi. Mto uliokauka nusu, usio na miti ya kivuli ukingoni, hupata joto upesi.

Sheria ya Maji ya 2016 inataka mto ubakishiwe maji ya kutosha mahitaji ya msingi ya watu na ya kulinda viumbe wake. Kuzuia mto ili kunyunyizia mashamba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wakulima wanaopanga mawe au mifuko ya mchanga mtoni waache pengo kabla masika hayajaanza, na liwe palipo na mkondo mkubwa. Samaki hufuata mkondo. Pengo la pembeni lenye kijito chembamba hulipita bila kuliona.